Chungu Kilichokwisha Kuokwa: Kwa Nini Prosesa Haiongezewi Grafiki

Kompyuta ya mezani inayofika Eringeti imepita mikono mingi. Mara nyingi imeshushwa melini Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda kwa lori, ikapita Mpondwe na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, ikakaa rafuni katika duka la Butembo au Beni, ndipo ikapakiwa kwenda kaskazini kwa barabara ya taifa namba 4, kupitia Mbau na Oicha, karibu kilomita 60 kutoka mjini Beni, hadi pale Kivu Kaskazini inapokaribia kupakana na Ituri. Watu wa barabara hiyo wamezika wengi tangu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014, na Novemba 2015 hata hospitali ya Eringeti ilishambuliwa. Kurudisha kifaa dukani kutoka huko si safari ya kupanga leo na kuimaliza kesho. Kwa hiyo kompyuta inapowashwa, feni ikazunguka, taa ikawaka, na kioo kikabaki cheusi kwa sababu prosesa yake haina grafiki ndani, mwenye kifaa huuliza swali lenye uzito wa fedha na wa usalama: je, prosesa hii inaweza kuongezewa grafiki? Haiwezi. Sababu za jibu hilo zinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa anayezielewa hujua pia kwamba uamuzi wote hufanyika kabla ya safari, kaunta ya Butembo, pochi ikiwa bado imefungwa.

Kazi ya prosesa ni kuhesabu, na hesabu hazionekani kwa macho. Ili herufi moja tu itokee kwenye kioo, lazima iwepo sehemu inayogeuza hesabu kuwa nukta za rangi na kuzipeleka kwenye waya. Kioo cha kawaida chenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu kina nukta zaidi ya milioni mbili, na zote hutumwa upya mara 60 hivi kila sekunde. Sehemu inayofanya kazi hiyo ndiyo grafiki. Inaweza kukaa mahali patatu: kwenye kadi yake yenyewe iliyochomekwa, kwenye chipu iliyogandishwa juu ya ubao mama, au ndani ya prosesa. Mkanganyiko mwingi tunaowasikia mafundi wakiubishania unatokana na ukweli kwamba mahali hapo pamebadilika katika kipindi kisichofika hata miaka ishirini, na ujuzi wa wengi ulijengwa kabla ya mabadiliko hayo.

Tuyatazame mabadiliko yenyewe. Mwaka 1999 Intel ilitoa chipu za ubao mama za familia ya 810 zikiwa na grafiki ndani, na kwa muongo mzima uliofuata kompyuta nyingi za ofisini zilipata picha kwa njia hiyo. Mashine ya Pentium 4 au Core 2 Duo ilionyesha picha kutoka tundu la nyuma ingawa prosesa yake haikuwa na grafiki hata kidogo. Fundi aliyejifunza kazi kwenye mashine hizo alijifunza sheria iliyokuwa sahihi wakati wake: ukiona tundu la VGA kwenye ubao, picha ipo. Januari 2010 Intel iliileta grafiki kwenye kifurushi kimoja na prosesa, na Januari 2011, kwa kizazi kilichoitwa Sandy Bridge, ikaichapa kwenye kipande kilekile cha silikoni. AMD ilifanya hivyo mwaka huohuo wa 2011. Tangu hapo, tundu la HDMI lililo nyuma ya ubao wa kompyuta ya kawaida limebaki kuwa mlango tu. Kilicho nyuma ya mlango ni prosesa, na prosesa isipokuwa na grafiki, mlango hauna wa kuutokea. Sheria ya zamani ingali midomoni mwa watu, nayo ndiyo inayowapotosha wanunuzi: huona tundu, hulipa, huondoka.

Kwa nini basi grafiki isitiwe baadaye, kama tunavyoongeza memori au diski? Kwa sababu memori na diski ni vitu vya kuchomeka, na prosesa ni kitu kilichochapwa. Kipande cha silikoni cha Sandy Bridge chenye viini vinne vya hesabu kina ukubwa wa milimita za mraba 216, yaani eneo la mraba wenye pungufu kidogo ya sentimita moja na nusu kila upande, na ndani yake mna transista karibu bilioni moja zilizochorwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, kwa teknolojia ya nanomita 32. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Grafiki iliyomo humo haikai pembeni kama mpangaji. Inatumia njia moja ya ndani na viini vya hesabu, inagawana navyo akiba ya karibu (cache), na inafikia memori kupitia kidhibiti kilekile. Iliwekwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Chungu kikishaokwa, mfinyanzi hawezi tena kukibandikia mkono, awe hodari kiasi gani; udongo uliokuwa ukikubali kidole chake umekuwa kitu kingine. Silikoni iliyotoka kiwandani iko hivyo hivyo, na hakuna kalamu ya kuunganishia, moto wala hadubini ya fundi wa mjini inayoweza kufika mahali pa kuongeza kitu.

Historia ina mfano unaofanana mno na swali hili, nao ni wa kufundisha. Zamani, hesabu za desimali zilifanywa na chipu ya pembeni: Intel ilitoa 8087 mwaka 1980, na mtu aliyeihitaji aliinunua na kuichomeka kwenye tundu lake karibu na prosesa. Hapo kuongeza kuliwezekana kweli, kwa kuwa tundu lilitengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1989 prosesa ya 486 ikaja na sehemu hiyo ndani. Miaka miwili baadaye ikauzwa 486SX, ya bei nafuu, isiyo na uwezo huo, na kwa waliotaka kuuongeza ikatolewa chipu iliyoitwa 487SX. Jina lilisema nyongeza. Ndani yake ilikuwa 486 nzima, na ikichomekwa iliinyamazisha prosesa ya kwanza na kushika kazi yote peke yake. Mtengenezaji mwenyewe, aliyekuwa na michoro, viwanda na wahandisi, alipotaka kuipa prosesa sehemu iliyokosekana, njia aliyoichagua ilikuwa kuweka prosesa nyingine. Sijapata ushahidi wenye nguvu kuliko huo.

Pingamizi la kwanza, na lililo zito kuliko mengine, hutoka kwa wanaojua mambo. Husema kwamba prosesa nyingi za Intel zisizo na grafiki, zile zenye herufi F mwishoni mwa jina, zina grafiki ndani lakini imefungwa. Basi kwa nini isifunguliwe? Wanasema kweli kuhusu nusu ya kwanza. Intel ilianza kuuza prosesa hizo Januari 2019, kama i5-9400F, wakati ambapo uwezo wake wa kuzalisha chipu za nanomita 14 ulikuwa umebanwa, na kipande chenye kasoro upande wa grafiki kiliweza kuuzwa badala ya kutupwa. Kufungwa huko hufanyika kiwandani, na si swichi iliyoachwa kwenye mipangilio ya ubao mama. Wenye pingamizi hukumbusha kwamba baadhi ya prosesa za AMD za viini vitatu, miaka ya 2009 na 2010, zilifunguliwa kiini cha nne na watumiaji wenyewe, na kwamba Intel yenyewe mwaka 2010 ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 ya kufungulia uwezo uliofichwa katika Pentium G6951. Yote mawili yalitokea. Lakini kadi ile ilifungua akiba ya karibu na uwezo wa kuendesha nyuzi mbili katika kila kiini, haikugusa grafiki, na mpango wenyewe ukafa mwaka 2011. Tena, hata kama ufunguo ungekuwepo, kipande kilichofungwa kwa sababu ya kasoro kingefunguliwa kikiwa na kasoro ileile.

Wengine huelekeza macho mbele na kusema kwamba siku hizi prosesa hujengwa kwa vipande vilivyounganishwa, kwa hiyo kuongeza kipande kutakuwa rahisi. Ni kweli kwamba prosesa za AMD za Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka Septemba 2022, zina grafiki ndogo katika kipande tofauti na vile vya hesabu, na kwamba mwaka 2018 Intel iliuza prosesa za kompyuta mpakato zilizobeba grafiki ya AMD kwenye kifurushi kimoja. Septemba 2025 Nvidia ilitangaza kuwekeza dola bilioni 5 katika Intel, na kampuni hizo mbili zikasema zitatengeneza prosesa zenye kipande cha grafiki cha Nvidia. Vipande vyote hivyo huunganishwa kiwandani, kwa nyaya ambazo hazionekani kwa macho, kisha hufunikwa. Anayechagua kipande kipi kiingie amebadilika; mahali pa kuchagua hapajabadilika.

Hapa kuna jambo linalouma, nalo lina uhusiano na ardhi ya jimbo hili. Silikoni ya prosesa hutokana na kwatsi, na haihitaji kutoka Kongo. Lakini tantalamu, inayopatikana katika koltani ya Rubaya, huko Masisi, hutumika katika kapasita ndogo zinazokaa kwenye bao za kompyuta, na hata ndani ya chipu hutandazwa tabaka lake jembamba sana la kuizuia shaba isipenye kwenye silikoni. Bati la Bisie, wilayani Walikale, ni madini ya aina ileile inayogandisha vipande vyote kwenye ubao. Madini huondoka Kivu Kaskazini yakiwa mawe na unga, na hurudi yakiwa kifaa kilichofungwa, kisichokubali kurekebishwa na mtu yeyote aliyeko hapa. Mchimbaji wa Masisi na mwenye duka la kuchapa nyaraka Eringeti wako katika mnyororo mmoja, na wote wawili wako mbali na chumba ambamo iliamuliwa kwamba herufi F iandikwe.

Turudi kwenye pingamizi la kawaida kabisa: kama prosesa haina grafiki, nunua kadi. Hili ni jibu halali, na ni vizuri kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya sokoni huyachanganya. Grafiki haiongezwi kwenye prosesa, lakini huongezwa kwenye kompyuta. Kadi ya Nvidia ya GT 710 au GT 1030 huchomekwa kwenye tundu la ubao mama, hupata umeme wake humo humo, na picha hutokea. Mjini penye umeme wa waya na duka la vipuri mtaa wa pili, mjadala ungeishia hapo. Eringeti haiko hivyo. Chukua betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 100, inayochajiwa na paneli za jua: ina wati-saa 1,200, na anayetaka betri idumu hatumii zaidi ya nusu, yaani 600. GT 1030 imewekewa kiwango cha wati 30. Ikisukumwa kwa nguvu zote kwa saa nane hula wati-saa 240, asilimia 40 ya akiba yote ya siku, kabla prosesa, kioo na mashine ya kuchapa havijapata chochote. Ni kweli kwamba ikiwa haina kazi hula kidogo sana. Lakini linganisha na prosesa za Intel zenye herufi T, kama i5-6500T iliyomo katika kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika: kiwango chake ni wati 35, viini vinne na grafiki vikiwa pamoja. Kadi peke yake inakaribia kudai kile ambacho prosesa nzima inadai.

Umeme si hasara pekee. Kadi ni kifaa cha ziada cha kulipia, cha kushika vumbi, chenye feni inayochakaa, na katika makasha membamba ya Dell na HP lazima iwe ya aina fupi, ambayo si kila duka huwa nayo. Kompyuta zile ndogo zinazolingana na kitabu kinene hazina hata tundu la kuichomeka. Ipo pia njia ya kifaa cha kutoa picha kwa USB, ambayo baadhi ya wauzaji huipendekeza. Kifaa hicho hufanya kazi baada ya mfumo wa kompyuta kuamka na kupakiwa programu yake. Bao mama nyingi zikikosa grafiki wakati wa kuwaka hulia tu na kukataa kuendelea, na hata zikikubali, mzigo wa kuchora unabaki kwenye viini vya hesabu. Kwa seva hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa bao nyingi za seva zina chipu yao ndogo ya picha iliyogandishwa. Ndiyo maana seva yenye Xeon, prosesa ya Intel ya seva, inaweza kuonyesha picha huku Xeon ileile, ikihamishiwa kwenye ubao wa kawaida, inakaa kimya.

Wapo watakaosema kwamba natetea kitu dhaifu, kwamba grafiki ya ndani ni ya maskini, haifai michezo mikubwa wala michoro ya wahandisi. Kuhusu michezo na michoro ya pande tatu, nakubali bila kusita: anayefanya kazi hizo anunue kadi, na akishaamua hivyo prosesa ya F ni chaguo la busara, kwa kuwa bei ya kiwandani ya i5-12400F ilikuwa pungufu ya i5-12400 kwa dola 25 hivi. Lakini kazi za kompyuta nyingi katika eneo hili ni barua, hesabu za wanunuzi wa kakao na kahawa, ripoti za vituo vya afya, nyaraka za shule, na video za harusi na misiba. Hata hilo la mwisho linaitetea grafiki ya ndani. Tangu 2011 grafiki za Intel zina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video, iitwayo Quick Sync, inayopunguza sana muda wa kutoa filamu iliyokatwa na kuunganishwa. Anayenunua prosesa ya F huikosa sehemu hiyo pia, na kadi kama GT 710 haimfidii kwa kiwango hicho. Udhaifu wa kweli ni kwamba grafiki ya ndani haina memori yake. Inaazima ya kompyuta. Dawa yake ni nafuu: vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, ili njia mbili za memori zifanye kazi pamoja.

Basi ujuzi unaohitajika kaunta ni wa kusoma majina. Kwa Intel kuanzia 2019, herufi F mwishoni, iwe F yenyewe au KF, maana yake hakuna picha bila kadi. Kwa Ryzen za mezani za miaka ya kwanza, hadi mfululizo wa 5000, kanuni imegeuka: zenye G, kama 2200G, 3400G na 5600G, ndizo zenye grafiki, na zisizo na G hazina. Kuanzia 7000 karibu zote zinayo, isipokuwa zenye F, kama 7500F. Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Xeon E5 zilizostaafishwa kwenye seva na kuuzwa upya kwa bei ya chini pamoja na bao za kutoka China. Zina viini vingi, zinavutia kwa idadi, na hakuna hata moja yenye grafiki. Xeon E3 zinachanganya zaidi, maana E3-1225 na E3-1245 zinayo na E3-1230 haina. Asiyeamini karatasi ana kipimo kisichodanganya: kadi itolewe, waya wa kioo uchomekwe kwenye tundu la ubao mama, mashine iwashwe mbele yake. Muuzaji mwaminifu hatachukia kufanya jambo la dakika tano kwa mteja aliye na zaidi ya kilomita mia moja za kurudi nyumbani.

Na kwa kompyuta ambayo tayari iko Eringeti na kioo chake ni cheusi, somo la 487SX bado linatumika. Kama ubao wake una i5-9400F na una tundu la HDMI au VGA, prosesa nyingine inayokubaliwa na ubao huohuo, i3-8100 au hata Pentium Gold G5400, itarudisha picha bila kadi na bila mzigo mpya kwa betri. Kama ni Ryzen 5 2600, ya kutafuta ni 2200G au 3400G, baada ya kuhakikisha kwamba programu ya msingi ya ubao (BIOS) inaikubali. Kasha zima halina haja ya kusafiri. Kinachosafiri ni kitu cha kujaa kiganjani, anachoweza kukibeba dereva anayeaminika kutoka Beni. Kifungwe tu kwenye kiboksi chake cha plastiki ngumu. Prosesa hizo za Ryzen zina miguu 1,331 chini yake, myembamba kuliko sindano, na barabara kutoka Oicha kwenda juu ina mashimo.